Ukuta Wenye Nyasi Ndani

Wanangu wa Lubumbashi, na ninyi wajukuu mnaoniita nkambo hata pasipo damu, vuteni viti. Mzee aliyechoka hana sauti ya kugombana, kwa hiyo nitasema polepole, na mwenye safari yake aende, sitamnunia.

Kila mwisho wa mwezi nasikia ubishi uleule. Kijana wa kwanza anasema kodi ya nyumba inapanda kwa sababu wenye nyumba ni wezi. Wa pili anasema ni wageni wa migodi, Wachina, Wahindi na Waafrika Kusini, walioingia na dola zao. Wa tatu, aliyesoma, anawacheka wote: kodi inapanda kwa kuwa serikali inazuia watu kujenga, futeni vibali, chomeni makaratasi ya urbanisimu, kila mtu ajenge anapoweza, na bei zitashuka zenyewe. Na siku hizi kuna wa nne, ana meza yake ofisini, anasema kinyume: mji umejaa, watu wamejenga hadi juu ya mabomba ya REGIDESO, shirika la maji, ujenzi mpya upigwe marufuku mpaka mambo yatulie.

Hao wawili wa mwisho ndio ninaotaka kuzungumza nao zaidi. Nimeishi kwa kujenga. Nimemwaga misingi Bel-Air, nimepandisha kuta Golf, nimepaua nyumba Ruashi, na nimeona kazi ya mikono yangu ikibomolewa na tingatinga mchana kweupe, mwenye nyumba amesimama kando na risiti zake mkononi. Kwa hiyo mnivumilie nikirefusha.

Wewe wa tatu, usidhani nakupinga kwa kuwa wewe ni kijana. Watu wakiongezeka na nyumba zisiongezeke, bei inapanda. Hilo linajulikana London kama linavyojulikana Kenya, na nasema komini yetu ya Kenya, si nchi. London imezungushiwa mashamba na misitu ambayo sheria ya tangu 1938 na zilizofuata haziruhusu yajengwe. Mji umekatazwa kutanuka, kazi zimeendelea kuja, na kijana wa kule anatoa sehemu kubwa ya mshahara wake kwa chumba kimoja. Tokyo ni mji mkubwa zaidi, lakini kanuni zake zinatoka kwa taifa zima, na mtu mwenye kiwanja akitaka kubomoa kijumba chake na kuinua ghorofa hana haja ya kuzunguka akiwabembeleza majirani. Nyumba zinajengwa nyingi, na kodi haikupaa kama ya London. Auckland, huko New Zealand, ilifungua mitaa yake mingi kwa nyumba za ghorofa mwaka 2016, na ujenzi ukaongezeka upesi. Wataalamu wanabishana juu ya kiasi gani bei inaguswa. Kwamba inaguswa, wengi wao wamekubaliana.

Sasa maneno hayo yapande ndege, yashuke Luano. Yanakuta nchi nyingine. Kule kikomo kikiandikwa kinashika. Huku kinaandikwa, kinapigwa mhuri, kisha Jumamosi mchana ofisi zikiwa zimefungwa watu wanamwaga msingi, na Jumatatu asubuhi ukuta umefika kiunoni. Nani amezuiwa? Nendeni Kalebuka, nendeni Kasungami, nendeni Luwowoshi mkahesabu nyumba zilizosimama kwa kibali. Kama marufuku peke yake ndiyo inayopandisha bei, basi kwetu kodi ingekuwa rahisi kuliko mahali pengi duniani, maana marufuku yetu haijawahi kumzuia mtu mwenye matofali.

Lakini kodi si rahisi. Kwa hiyo kuna kikomo kingine, na hicho mnakipita kila siku bila kukitazama.

Ili mkione, lazima nirudi nyuma, na najua mnachukia mzee akianza na Wabelgiji. Ni mwendo mfupi tu.

Mji huu ulizaliwa na kikomo tumboni. Mwaka 1910 reli ilipofika kutoka kusini, mtawala Mbelgiji Wangermée na watu wake walikuwa wameshachora njia zilizonyooka za Élisabethville, jina la mji huu enzi hizo. Mzungu akapewa katikati. Mwafrika akatengewa mji wake, Cité Albert, ndiyo Kamalondo ya leo, na kati ya pande mbili wakaacha uwanja mtupu wa mamia ya mita wakauita zone neutre. Sababu waliyoitoa ilikuwa mbu, kwamba hawezi kuruka umbali ule akiwa amebeba malaria ya mtu mweusi. Mbu walicheka. Hakuna aliyejenga bila ruhusa, na hakuna aliyekaa mjini bila karatasi ya kukaa mjini.

Mnadhani nyumba iliuzwa bei gani enzi hizo? Kwa wengi haikuwa na bei. Mtu wa kampuni ya migodi, Union Minière, alipewa nyumba kambini pamoja na posho ya unga. Baba yangu alikuwa mtu wa reli, wa BCK, na kwake ilikuwa vilevile: kazi na nyumba vilikwenda pamoja, na siku ukifukuzwa kazini, jioni unatandika virago. Yule asiye na kambi alibanana Kamalondo, familia mbili chumba kimoja, pazia katikati. Kikomo kilikuwepo na bei ilikuwepo. Ililipwa kwa watoto kulala chini ya meza.

Baada ya vita vya pili watu walimiminika, na mpango ule ukapasuka. Ndipo zikafunguliwa Katuba, kisha Ruashi. Na mwaka 1952 ikaundwa Office des Cités Africaines, shirika la kujenga makazi ya Waafrika katika miji mikubwa ya Kongo. Simsifu mkoloni. Alitaka mikono ya kazi karibu na tanuri lake la shaba, na aliweka mitaa yetu mbali na pua yake. Lakini kama fundi nasema nilichokiona: Katuba mistari ilichorwa kwanza, vigingi vikapigwa, njia zikaachwa wazi, kisha mtu akaonyeshwa lupango lake, yaani kiwanja chake, akajenga. Baba alipata lake wakati huo. Hata leo gari la matofali linafika mlangoni kwetu bila kumgonga mtu, na hilo limetokana na kamba iliyovutwa kabla ya nyumba ya kwanza kusimama.

Mwaka 1960 mji mzima haukufikisha watu laki mbili. Leo ni mamilioni. Na tangu hapo, niambieni, ni mara ngapi mmesikia viwanja vya watu wa kawaida vimepimwa, barabara imefunguliwa, maji yamefika, kabla ya watu kuhamia? Mimi natafuta sipati. Amri ya urbanisimu ya Wabelgiji ya 20 Juni 1957 iliendelea kuwa msingi wa mipango ya miji kwa miongo mingi baada ya uhuru. Tulirithi vitabu vyao vya kuzuia, tukaacha kamba yao ya kupimia.

Hapo ndipo kikomo chenyewe kilipo. Hakuna upungufu wa ardhi Lubumbashi. Komini ya Annexe imeuzunguka mji mzima, na ukitoka kwa barabara ya Kasenga, ya Likasi au ya Kipushi, utachoka wewe kabla pori halijaisha. Kinachopungua ni lupango kamili: penye njia, penye maji, penye umeme unaowaka siku nyingi kuliko unavyozimika, na penye karatasi ambayo haitatokea nyingine ya kuipinga. Viwanja vya namna hiyo ni vichache, vingi kati ya hivyo vilipimwa kabla hamjazaliwa, na wote wenye pesa wanavigombania. Kwa hiyo mji wetu una bei mbili. Golf, Makomeno na katikati ya mji, unalipa mpaka unashika kichwa. Kalebuka lupango lina bei ya kuvumilika, kisha unaanza kulilipia upya kila mwezi: kisima cha kuchimba mwenyewe, teksi ya kutoka barabarani, betri na paneli, mlinzi, na wakili siku mtu wa pili atakapokuja na hati yenye namba ya lupango lako.

Maana ardhi ya pembeni inauzwa hivi, na mnajua. Chifu anauza, mtu wa kartie anaandika karatasi, anayefanya kazi ofisi moja ya ardhi anatoa nyingine, na jamaa wa tatu anauza palepale kwa mtu wa Likasi ambaye hajawahi kufika. Sheria ya 20 Julai 1973 imesema wazi: udongo ni wa Serikali, hauuziki, mtu anapewa haki ya kuutumia, na haki hiyo inathibitishwa na cheti cha usajili. Karatasi ya chifu si cheti. Hata ardhi ya Chuo Kikuu kule Kasapa imemegwa na wajenzi, na kule wapo maprofesa wa sheria.

Sheria hiyohiyo ya 1973 ina jambo ambalo vijana wa ofisini hawapendi nilitaje. Inamtaka aliyepewa kiwanja akiendeleze. Haikumruhusu akizungushie ukuta akakisahau. Basi nendeni Kasapa, pitieni na njia za Golf, tazameni juu ya kuta. Ukuta wa mita tatu, geti la chuma, mlinzi na mkewe katika kijumba cha mbao, na ndani nyasi zinazofika kifuani. Mwenye mali yuko Kinshasa, au Afrika Kusini, au yuko hapa hapa mjini na ana vingine vitano. Hajengi, hauzi, hapangishi. Anangoja.

Msikimbilie kumlaani. Mwulizeni amejifunza wapi kungoja. Desemba 1979 noti za zaire 5 na 10 zilifutwa, na watu waliokuwa na akiba nyumbani wakabaki na karatasi za kuwashia mbabula. Oktoba 1993 ikaja zaire mpya, moja kwa milioni tatu za zamani. Mwaka 1998 ikaja faranga. Mtu aliyepitia yote hayo akipata dola elfu ishirini hazipeleki benki, anazipeleka ardhini. Ukuta ule ndio kitabu chake cha akiba. Namwelewa. Lakini kuelewa hakuondoi ukweli kwamba lupango lake limepitiwa na bomba na waya, na wewe uliyekosa chumba unakwenda kulala kilomita kumi na tano mbali zaidi, kwenye giza.

Kwa hiyo, mwanangu wa tatu, ukipiga kelele kwamba urbanisimu ndiyo inayozuia nyumba, unasema nusu ya jambo. Ni kweli kibali ni kirefu na ghali, na kadiri ghorofa zinavyopanda ndivyo saini nazo zinavyopanda ngazi. Nimewajua watu waliotaka kuinua ghorofa mbili juu ya nyumba ya Kamalondo, karibu kabisa na soko na kazi, wakakata tamaa mezani. Hilo lirekebishwe, nitakuwa wa kwanza kupiga makofi. Mji wenye barabara na mabomba tayari unapaswa kukua kwenda juu palepale yalipo. Ila ukichoma makaratasi yote, mwenye nyasi ndani ya ukuta hatajenga hata tofali moja zaidi, kwa sababu hakuna aliyemzuia tangu mwanzo. Kodi ya Serikali ya kila mwaka juu ya kiwanja kitupu, inayodaiwa kweli na kulipwa kweli, ingemwamsha kuliko kelele zako.

Na uhuru wa kujenga unavyotaka umeshajaribiwa Nairobi, mtaa unaoitwa Pipeline, huko Embakasi. Wajenzi walipandisha ghorofa saba, nane na zaidi, ukuta ukigusa ukuta, bila kujali kanuni za mji. Sitawadanganya: vyumba vilipatikana vingi, na mfanyakazi wa kiwandani anapata pa kulala ambapo kanuni zingemfukuza. Hoja yako imesimama pale. Lakini kuna vyumba ambavyo jua haliingii tangu vijengwe, na taa inawashwa saa sita mchana. Na huko huko Nairobi, Huruma, usiku wa 29 Aprili 2016 mvua ilinyesha na jengo la ghorofa sita lililokaa ukingoni mwa mto likaanguka. Karibu watu 50 walikufa. Lilikuwa limeshawekewa alama ya kubomolewa, lakini watu walikuwa bado ndani, wanalipa kodi. Mimi fundi nikisikia kesi kama ile nauliza nondo zilikuwa milimita ngapi na mchanga ulitoka wapi. Kanuni nyingine zinapandisha bei kwa sababu zinanunua roho ya mtu, na hizo sitazitupa.

Kuna pia bei isiyotokana na kanuni wala ukuta, nayo msiisahau. Tofali letu linachomwa kwa udongo wa kichuguu, udongo mzuri kuliko wote, na vichuguu vya karibu na mji vimekwisha kuliwa. Sasa lori linakwenda mbali. Kuni za tanuri zinatoka msitu uleule unaotupa makaa, na msitu unarudi nyuma kila mwaka. Simenti nyingi inapita Kasumbalesa kutoka Zambia. Agosti 2024 Zambia ilipofunga mpaka siku chache kwa ugomvi wa bia na vinywaji baridi, mafundi wote wa mji walianza kutazamana. Hata mkiondoa kila kibali kesho, nyumba haitauzwa chini ya tofali lake, bati lake na simenti yake. Anayewaahidi kwamba kufuta karatasi kutafanya nyumba iwe bure hajawahi kununua mfuko wa simenti mwezi wa kwanza, njia zikiwa matope.

Sasa wewe wa nne, mwenye meza. Kwako nina subira zaidi, kwa kuwa una mhuri, na mhuri mkononi mwa kijana unanitisha.

Unasema marufuku. Ukiziba mfereji mvua ikinyesha, maji hayarudi mawinguni, yanaingia kwa jirani. Watu wanaotoka Kasai kwa treni, wanaotoka vijijini Haut-Lomami, watoto wetu wenyewe wanaooa, hawatangoja mpaka ofisi yako ifungue tena kitabu. Watajenga mbali zaidi, bondeni zaidi, juu ya njia ya reli, pembeni ya mto Kafubu. Kitu kitakachobadilika ni malipo ya kufumbiwa macho. Leo fundi anamwachia mkaguzi kitu kidogo. Siku ya marufuku kitu kidogo kitakuwa kikubwa, na kitaingia katika bei ya nyumba kama simenti inavyoingia. Na tajiri aliyekwisha kujenga, siku hiyo unampa zawadi: nyumba yake imekuwa adimu bila yeye kugusa mwiko. Tazama vizuri ni nani wanaokushangilia ukisema marufuku. Wengi wao wana paa juu ya kichwa na wapangaji chini ya paa.

Halafu unaleta rangi nyekundu. Unachora msalaba ukutani, unaandika "À démolir", yaani ibomolewe, unaondoka. Mwenye nyumba aliona watu wa ofisi yako wakipita wakati wa msingi, wakapita wakati wa linta, wakapita wakati wa paa, na kila mara walipokea. Nawe unakuja na tingatinga baada ya mtoto wa tatu kuzaliwa mle ndani. Sisemi nyumba iliyo juu ya bomba iachwe. Nasema kikomo kinachokuja kabla ya watu ni kamba na vigingi, gharama yake ni siku za wapimaji; kinachokuja baada ya watu ni machozi, askari, na bei ya lupango jingine ambayo yule aliyebomolewa hataimudu. Naye atakwenda kupanga, na kodi ya wengine itapanda kwa ajili yake.

Ukitaka mfano wa karibu, Dar es Salaam wanao. Miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, Serikali ya Tanzania ilipima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni mahali ambapo watu hawakuwa wengi bado, ikachonga njia, ikavuta maji, ikawaachia watu wajijengee. Pembeni yake watu walijenga wenyewe bila mpango. Miongo minne baadaye watafiti walipolinganisha, ardhi ya sehemu zilizopimwa mapema ilikuwa na thamani kubwa zaidi na nyumba bora zaidi kuliko jirani zake. Utaniambia: nkambo, basi mpango umepandisha bei! Ndiyo, umepandisha ya pale, kwa sababu pale pana kitu cha kununua, na kwa sababu sehemu za namna ile zilikuwa chache katika mji uliokua upesi. Kimoja kikiwa kizuri kati ya mia, kitagombaniwa. Mwaka 2002 wakaja tena na mradi wa viwanja 20,000; vingi vilichukuliwa na wenye uwezo, na vingine vikakaa miaka na miaka bila nyumba. Yaani kuta zenye nyasi, wanangu, na kwao zipo. Kupima peke yake hakutoshi. Lazima vipimwe vingi, viwe na vidogo ambavyo fundi na mwalimu wanaweza kuvifikia, na aliyechukua ajenge au arudishe.

Kuna anayenitajia Kiswishi, ule mji mpya unaopangwa juu ya maelfu ya hekta karibu nasi na kampuni ileile ya Tatu City ya nchi ya Kenya. Anasema huo ni wa matajiri. Huenda. Sina kinyongo nao. Tajiri akipata nyumba yake huko, ataacha kuja Bel-Air kumwongezea mwenye nyumba dola mia ili wewe utoke. Wasiwasi wangu ni tusije tukaona maghorofa yale tukadhani kazi ya Serikali imefanyika.

Na nyinyi wawili wa kwanza, sikuwasahau. Mnaosema wenye nyumba ni wezi: mwenye nyumba ana tamaa leo kama alivyokuwa nayo zamani, na tamaa hiyo inapata nguvu pale wewe usipokuwa na pengine pa kwenda. Sheria ya 31 Desemba 2015 imesema garanti ya nyumba ya kukaa isizidi kodi ya miezi mitatu. Mnatoa mingapi? Mnatoa sita, na zaidi, pamoja na fungu la komisioneri, yule dalali, na hakuna anayekwenda komini kulalamika kwa sababu nyuma yenu wapangaji wanne wamesimama na pesa mkononi. Sheria ile ni nzuri, itajeni mkijadiliana, ishikeni. Lakini penye chumba kimoja na watu watano, sheria inakuwa na sauti ndogo.

Mnaosema ni wageni: ni kweli tangu sheria ya migodi ya 2002 kampuni zimepanga nyumba kwa dola bila kuuliza bei mara mbili. Ni kweli pia kwamba tangu Gécamines, kampuni ya migodi ya Serikali, ilipowaaga zaidi ya wafanyakazi 10,000 mwaka 2003 na 2004, kwa fedha za Benki ya Dunia, ile desturi ya kazi kuja na nyumba yake imekufa, na kampuni nyingi zilizofuata hazikuirudisha. Zinachimba kobalti hapa, zinalaza watu wao Golf, na kijana wetu wa mgodini anajitafutia Kasungami. Kama mnataka kudai kitu kwa kampuni, daini hicho: zijenge. Mgeni anayepanga nyumba iliyokuwepo anaipandisha bei. Mgeni anayeleta nyumba yake mpya hajamwondoa mtu.

Kwa atakayenunua hivi karibuni, na najua mpo, msitoe dola hata moja kabla ya kwenda kadasta, ofisi ya ardhi, wenyewe, si kwa kumtuma komisioneri. Kabla ya kuketi na majirani wa pande zote nne kwa mazungumzo. Kabla ya kwenda kuliona lupango siku ya mvua kubwa, mwezi wa pili. Ukiona maji yamesimama, mshukuru Mungu aliyekuonyesha bure, urudi nyumbani.

Nawe mwenye mhuri, sikukataza kazi yako. Najua ofisi haina gari, na mafuta unanunua mwenyewe. Lakini machifu wa upande wa Kasenga wanauza sasa hivi tunapozungumza, na wakishauza hutapata pa kupitisha njia. Tafuta wapimaji wawili, kamba, na vigingi vya chuma, maana vya mbao watu wanavipikia. Anzeni na barabara kubwa tu, mita ishirini, na mifereji. Viwanja vya ndani vitafuata. Chifu mpeni haki yake hadharani, aandikiwe, asione kwamba mnamnyang'anya. Kiangazi kinaisha mwezi wa tisa. Mkishapiga mstari wa kwanza niiteni nije niuone, nitakuja na fimbo yangu, na nitawaambia kama mmenyoosha au mmepinda.